Darasa Lisilo na Posho

14 Januari

Mume wangu,

Nimeona tuandikiane. Kwenye simu tunakatana maneno, na salio huisha katikati ya ugomvi, kabla hatujafika kwenye kupatana. Barua haimkatizi mtu.

Shule imefunguliwa. Tangu ofisi ya elimu ikuazime kwa mwaka huu mmoja, darasa lako la mtihani halijapata mwalimu wa hesabu. Mkuu wa shule huingia mara mojamoja, akaandika maswali ubaoni, kisha akatoka kupokea simu. Mimi niko palepale, darasa la kwanza, mwaka wa tisa sasa. Watoto ni wengi kuliko madawati, dawati la watatu linakaliwa na watano. Kitinda, mwanetu, naye ni mmoja wao. Nimemweka nyuma makusudi. Siku ya kwanza aliniita mama mbele ya wenzake, nikamwambia, "Mama yuko nyumbani." Akageuka akatazama mlangoni, kama mtu anayepima umbali.

Kuna uvumi kwamba mishahara ya walimu itaanza kutazama matokeo. Wewe uko karibu na jiko, unasikia harufu gani? Na hasa unafanya kazi gani huko? Watu wakiniuliza nasema "makaratasi".

Mkeo

29 Januari

Mke wangu,

Barua imefika salama, ila bahasha ilikuwa imelowa pembeni. Nashukuru kwa habari za Kitinda.

Chumba nilichopanga kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Ofisini tuko sita na feni moja, na feni inamwelekea mwenye cheo. Kazi yangu ni kupanga takwimu za mitihani, hakuna la kusimulia. "Makaratasi" inatosha.

Kuhusu mishahara sijui la kukuambia, ila maoni yangu unayajua. Mtazame mwenzetu Mayai. Anaingia kipindini na trei ya mayai ya kuuza mkononi, anatoka nayo tupu, na katikati hapo watoto wamenakili ubao. Mwisho wa mwezi wewe na yeye mnapanga foleni moja benki na kupokea kiasi kilekile, kwa kuwa mliajiriwa mwaka mmoja. Hiyo nayo ni haki? Fundi asiyemaliza nguo halipwi ushonaji. Mtu alipwe kwa anachozalisha, na mvivu aone tofauti. Nimelisema hili miaka yote na sitaliacha kwa sababu tu nimekaa chini ya feni.

Mbusu Kitinda.

Mumeo

20 Februari

Mume wangu,

Waraka umefika. Mkuu alituita ofisi ya walimu akausoma mara mbili. Itakuwepo posho ya ufaulu, kila mwisho wa mwaka, kwa walimu ambao wastani wa darasa lao umepanda kwenye mtihani wa mwisho. Posho yenyewe si haba. Nikanyoosha mkono.

"Na wa darasa la kwanza?"

Mkuu akaigeuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Darasa la kwanza halina mtihani, Mwalimu."

"Najua. Nauliza posho."

"Nyinyi wa kule chini mna moyo," akasema. "Moyo haulipiki."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nao.

Kisha likaja suala la darasa lako. Ungeona maajabu. Mtu ambaye miaka yote akipewa darasa la mtihani hushikwa na kizunguzungu alikuwa amepona. Mwingine alikumbuka kwamba aliwahi kushinda zawadi ya hesabu utotoni. Nikasimama nikasema nilisomea hesabu chuoni, cheti kiko kabatini kwa Mkuu, nalitaka darasa la mume wangu. Mkuu akafungua kabati. Cheti kilikuwepo.

Darasa la kwanza amepewa Mayai. Hakuwepo kikaoni, alikuwa amepeleka trei kituo cha afya, na asiyekuwepo na lake halipo.

Ulisema mtu alipwe kwa anachozalisha. Nimekusikia.

Mkeo

3 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nilitumaini mwisho wake utabadilika.

Umefanya haraka. Darasa la kwanza ndilo msingi, wewe mwenyewe unajua kuliko mtu yeyote. Kumwacha Kitinda kwa Mayai ni sawa na kumwacha sokoni. Mtoto akipotea mwaka wa kwanza, miaka inayofuata anatembea tu nyuma ya wenzake akiigiza kuelewa. Waraka ni mpya, pengine utarekebishwa. Lakini watoto hawajui kusubiri waraka.

Rudi darasani kwako. Nakuomba kama mume, si kama mwalimu.

Mumeo

19 Machi

Mume wangu,

Mkuki kwa nguruwe.

Watoto walioko kwa Mayai ni wengi. Wewe umemwona mmoja.

Darasa lako la zamani linakwenda vizuri. Nimegundua kwamba wengi wao hawakushindwa hesabu, walishindwa kusoma swali. Kwa hiyo tunasoma swali kwanza, kwa sauti, kama darasa la kwanza, na ndipo tunakokotoa. Mwanzoni waliona haya. Sasa wamezoea. Nabaki nao baada ya kengele, na nikirudi nyumbani Kitinda ameshalala kwenye kiti na viatu vyake.

Kazi ninaipenda. Nakuambia hivyo kwa sababu hukuuliza.

Mkeo

8 Julai

Mume wangu,

Najua barua zako mbili sijazijibu. Nilikuwa na kazi, halafu nikawa na jambo la kufikiri.

Mkaguzi alikuja shuleni. Ni mtu mpole, anapenda chai yenye sukari nyingi. Alikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima, kisha ofisini akamwambia Mkuu kwamba hajaona hesabu zikifundishwa hivyo. Mkuu akamwambia mimi ni mke wa nani. Mkaguzi akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiwe! Basi hongera mara mbili. Mumeo ndiye aliyetutungia ile kanuni. Kichwa, yule bwana!"

Nikamwongezea chai. "Kanuni gani?"

"Ya posho, Mwalimu. Aliikamilisha wiki mbili tu baada ya kufika, na Januari hiyohiyo tukaipiga chapa. Hajakuambia?"

"Ameniambia," nikasema. "Nilitaka kujua kama tunazungumzia ileile."

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba hujui la kuniambia, waraka ulikuwa umekwisha pigwa chapa. Na uliponiomba nirudi darasa la kwanza, uliniomba nirudi mahali ambapo wewe mwenyewe umepaandikia sifuri.

Lingine. Kanuni ni yako, na ni vizuri mtunzi ajue inavyofanya kazi. Kwa kuwa inahesabu wastani, Mkuu alitaka wanafunzi watatu walio dhaifu warudishwe darasa la nyuma, ili mtihani usiwakute. Nilikataa kwa wawili.

Mwalimu wa darasa la mtihani

21 Julai

Mke wangu,

Ni kweli. Niliitunga mimi.

Nisikilize jinsi ilivyokuwa. Waliniambia nilete kitu kinachohesabika. Kwenye jedwali la kwanza darasa la kwanza lilikuwepo, safu ya juu kabisa. Mkubwa wangu aliweka kidole pale akauliza, "Hapa utapima nini?" Nikasema watoto wanajifunza kusoma. Akasema, "Nani atawapima, mwalimu wao anayesubiri hela? Kila mtoto atakuwa anasoma." Akanipa wiki moja nije na jibu. Wiki ilipita, sikuwa nalo. Nikaifuta safu ile ili nyingine zipite.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza swali lilelile, na ningekuwa sina jibu kwa mara ya pili, tena kwako.

Bado naamini mchapakazi na mvivu wasilipwe sawa. Hilo usinitake nilikane. Na wewe mwenyewe ni ushahidi, darasa lile halijawahi kufundishwa hivyo, hata mimi nilipokuwepo. Lakini habari ya wanafunzi watatu imeninyima usingizi. Hilo sikulifikiria. Nilipoandika "wastani" niliona namba, sikuona mtu akitolewa mlangoni ili namba ipande.

Umesema ulikataa kwa wawili. Wa tatu ni nani?

Mumeo

30 Julai

Ni mtoto wa fundi baiskeli wa njia panda. Hakurudia darasa. Ameacha shule, anaziba pancha na baba yake. Nikipita ananiamkia vizuri tu.

Mkeo

16 Desemba

Mume wangu,

Matokeo yametoka. Tumekuwa wa kwanza wilayani kwa hesabu. Mkuu alipiga kengele katikati ya kipindi na watu wakadhani kuna moto. Posho imeingia. Nimepaka nyumba rangi na nimemnunulia Kitinda kitanda chake mwenyewe. Usidhani hela hizo nilizipokea kwa kuinamisha kichwa. Nilizifanyia kazi.

Zawadi ya pili ni mafunzo ya miezi mitatu chuoni kwa walimu waliofanya vizuri. Naondoka tarehe nne Januari, na wewe mwaka wako wa kuazimwa unaisha tarehe hiyohiyo, kwa hiyo tutapishana njiani. Dada yangu atakaa na Kitinda hadi ufike.

Sasa Kitinda. Ripoti yake imeandikwa "anaendelea vizuri". Ya jirani imeandikwa hivyohivyo, na ya mtoto wa mbele yake pia. Jana nilimpa kopo la rangi nikamwambia asome. Akasema, "Rangi." Nikampa boksi la kiberiti, akasema, "Kiberiti." Nikafurahi. Kisha nikaandika "kiberiti" kwenye karatasi tupu. Akaitazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi, akaniuliza, "Ndani yake kuna nini?"

Anasoma vitu, mume wangu, hasomi maneno. Nimemwomba Mkuu amruhusu arudie darasa la kwanza. Mtoto mwenyewe hajali, anasema atakuwa mkubwa kuliko wote.

Kuhusu kazi yako, Mkuu anasema darasa la mtihani sasa ni langu kwa matokeo, hata nikiwa chuoni atalishika yeye hadi nirudi. Mayai ameomba la nne na amepewa. Nafasi iliyobaki ni moja tu. Nadhani unaijua.

Mkeo

24 Januari

Mke wangu,

Nyumba imependeza. Kitinda ananionyesha kila ukuta kana kwamba aliupaka yeye.

Sauti imekauka. Kufikia siku ya tatu nilikuwa naongea kwa mikono. Nimefunga kamba za viatu hadi mgongo umekataa kunyooka. Mmoja alimng'ata mwenzake, nikauliza nani ameanza, wakalia wote wawili na wa pembeni wakawasaidia. Mmoja alijikojolea akakaa kimya mpaka mchana, na mimi sikujua kwa sababu nilikuwa ubaoni nimewapa mgongo, kama nilivyozoea kwa wakubwa. Mama yake alipokuja kumchukua hakunifokea. Alimvua sweta akamfunga kiunoni.

Kitinda ananiita "mwalimu". Shuleni sawa, lakini ananiita hivyo hata mezani. "Mwalimu, naomba maji." Nilipomwambia hapa ni nyumbani akajibu, "Baba yuko kazini." Sijui amejifunza wapi maneno hayo.

Nimefundisha vipeo na sehemu kwa miaka kumi na miwili, na sasa sijui jinsi ya kumfanya mtu aone kwamba b si d. Wananakili vizuri sana. Nikifuta ubao, vinafutika na vichwani.

Ulikuwa unafanyaje?

Mumeo

9 Februari

Mume wangu,

Acha ubao kwanza. Anza na mdomo. Waambie wafunge midomo waseme b. Kisha wajaribu kuifunga waseme d, watashindwa na watacheka, na wakicheka watakumbuka. Ndipo uandike. Waambie b hutanguliza fimbo, d hutanguliza tumbo. Usiziweke pamoja wiki moja. Wakigombana usiulize nani ameanza, uliza nani amemaliza. Usipaze sauti, ishushe, watanyamaza wenyewe wasikie unasema nini. Na baada ya saa moja watoe wote chooni, hata asiyetaka.

Hapa chuoni tunafundishwa "mbinu za kisasa za kuinua ufaulu". Jana mkufunzi aliniita mbele nieleze siri ya matokeo yangu. Nikasema tulisoma swali kwa sauti kabla ya kulijibu. Wakasubiri niendelee. Nikakaa.

Chumba chetu tunalala wanne. Chakula kinatosha.

Mkeo

2 Machi

Mke wangu,

Fimbo na tumbo vimefanya kazi kuliko mimi.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa tunarudi nyumbani, Kitinda akasimama mbele ya bucha. Unajua kile kibao chake kilichoandikwa kwa mkono, herufi zimelala kama zimelewa. Akasema, "Du..." Nikaona anafunga mdomo, anafungua, anafunga tena. "Bu. Bu-cha." Mwenye bucha akatoa kichwa dirishani: "Ndiyo, mteja, nikupimie kiasi gani?" Ilibidi ninunue. Mle ndani akasoma kibao cha bei, kalenda, na shati la mtu aliyekuwa mbele yetu. Mtu yule alikuwa mvumilivu.

Tulipofika nyumbani nilikaa nikamwandikia mkubwa wangu wa zamani, kurasa nne, kwamba darasa la kwanza liingizwe kwenye kanuni, na kwamba mpimaji awe mwalimu wa shule nyingine ili asiyesubiri hela ndiye apime. Jibu limefika jana: wataangalia mwaka ujao wa fedha. Barua imegongwa mhuri vizuri.

Lakini usijali, utakaporudi mwezi wa nne utakuta mahali pako nimekutunzia. Mimi nitarudi kwenye hesabu zangu na Mkuu atafurahi. Kazi ile ina mwenyewe. Wewe umeumbiwa moyo wa watoto, mimi naigiza tu.

Mumeo

17 Machi

Mume wangu,

Nimesoma habari ya bucha mara nyingi. Nimewasomea na wenzangu watatu. Kisha nikafika mahali ulipoandika "mahali pako".

Unajua kwa nini nilipangiwa darasa la kwanza? Tuliripoti watano siku moja, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Basi. Hakuna aliyeuliza nimesomea nini. Miaka tisa, kila mkutano wa wazazi mtu alisimama akasema samaki mkunje angali mbichi, watu wakapiga makofi, nami nikarudi darasani. Kila mtu aliniambia nina moyo. Wewe pia. Moyo ndio mshahara mnaompa mtu mnapokuwa hamna nia ya kumpa mwingine. Niliifanya kazi ile vizuri kwa sababu nafanya kazi vizuri. Sikuwahi kusema naipenda. Mliisema nyinyi kwa niaba yangu.

Ninachopenda ni kuona mtoto mkubwa, aliyekwisha kata tamaa, anasoma swali na uso wake unabadilika. Narudi mwezi wa nne, na narudi darasa la mtihani. Wewe kama unaigiza, basi unaigiza vizuri. Mayai hata kuigiza haigizi.

Lakini jambo hili limenisumbua. Niliowachukua mwaka jana, wale waliosoma swali wakaelewa, wengi niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe wakiwa wadogo, bure. Nilijilipa deni langu bila kujua. Hawa wa mwaka huu unawafundisha kusoma wewe, na siku wakifika darasa la mtihani posho itakuja kwangu.

Kwa hiyo nimemwandikia Mkuu. Nusu ya posho yangu, nikiipata, itakuwa ya mwalimu wa darasa la kwanza, awe nani. Nimeandika "awe nani" nikijua siku moja anaweza kuwa Mayai tena, na imeniuma, lakini nimeiacha. Nimewaandikia pia wenzangu wawili wa darasa la mtihani. Wa lugha amekubali. Wa sayansi amejibu kwamba yeye jasho lake halina ubia, na kwamba wa darasa la kwanza wakitaka hela waombe darasa lenye hela. Sina la kumjibu, maana ndivyo nilivyofanya.

Nimemwandikia na fundi baiskeli, kuhusu mwanawe, kwamba nafasi bado ipo na nitamfundisha baada ya kengele. Hajajibu. Sidhani atajibu.

Mkeo

28 Machi

Mke wangu,

Nilidhani nakusifu. Nimeirudia barua yangu, nimeona kwamba nilikuwa nakupangia kazi.

Nitabaki darasa la kwanza. Mkuu aliponiuliza kama nina hakika, alinitazama kama mtu aliyeambiwa nimepata ugonjwa. Akaniambia nina moyo. Nikamwambia hapana, nina cheti na uzoefu wa miezi mitatu.

Kwa fundi baiskeli nimepita jana, si kwa niaba yako. Baba mtu alisema atafikiri. Kijana aliendelea kuzungusha gurudumu akitafuta tundu kwa sikio.

Sasa hiyo nusu. Usije ukanipa nyumbani. Ukiniwekea mezani, kati ya chumvi na sahani, itakuwa zawadi ya mke kwa mume, na zawadi mtu hushukuru tu, hawezi kuidai mwaka unaofuata. Nipe ofisi ya walimu, mchana, wa lugha awepo na wa sayansi awepo, na Mayai asiende kuuza siku hiyo. Itoke na karatasi, niandike kazi yangu kwa kirefu na nitie saini.

Sitaki kushukuru. Nataka kulipwa.

Mumeo